Kabla hujamwandikia "nakutamani"

Mkuu, umeuliza umwandikie nini mchumba wako aliye masomoni mbali, maana "nakupenda" umeiandika hadi imechuja. Mimi na mke wangu tuliishi mbalimbali miaka mingi, yeye Tanga, mimi mgodini Geita, kwa hiyo haya nimeyapitia.

"Nakutamani" iweke kando kwanza. Ukimtamani mtu moja kwa moja hivyo, anasikia mambo ya mwili. Tia kitenzi kingine hapo, "natamani kukuona", "natamani nikusikie ukicheka", na maneno yanatulia. Hata mama mzazi unamwambia.

Neno la kutegemea ni hamu. Kwa kitu tunasema hamu ya: hamu ya pweza, hamu ya kwenda nyumbani. Kwa mtu, sema "nina hamu nawe". Mke wangu alikuwa akiandika "nina hamu nawe mpaka basi", nami siku hiyo kazi haikuwa ikienda kabisa. Shauku ni nzuri pale tarehe ya kuonana inapojulikana, kwa sababu shauku hutazama mbele: "nakusubiri kwa shauku". Vijana wanasema "nimekumisi", na kwenye simu inatosha.

Uchu usiuguse. Uchu ni wa madaraka na wa nyama. Tamaa nayo, ingawa tunaambiana tusiikate, ukimwambia msichana unayo juu yake umeharibu. Ashiki na ngoa, yaani hamu kali ya mapenzi, utazikuta kwenye mashairi ya pwani, ila kulia ngoa ni kuona wivu, kwa hiyo mtu wa Mombasa anaweza kukuelewa vingine.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya barua za zamani: "Mimi huku niliko ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Watu wanaicheka kwa kuwa kila mtu aliinakili. Mimi naiona ni nzito mno: anayeandika yuko salama, na bado hana raha kwa kuwa hamwoni mwenzake. Mwandikie hiyo kwa mkono, upige picha karatasi umtumie, kisha chini yake umtajie kitu kimoja mnachokijua ninyi wawili tu, kama ni kibanda cha mihogo mlichozoea kukaa, kitaje kwa jina lake.