Ukoka umekauka baada ya kaskazi? Kwaruza shina kabla ya kung'oa

Ifikapo Machi, kaskazi ikiwa imeunguza kila kitu, wengi wetu hapa Tanga tunatazama uwanja uliokuwa kijani tunauona umegeuka rangi ya makumbi, na wazo la kwanza ni kung'oa wote na kuagiza ukoka mpya. Nawasihi msubiri kidogo.

Ukoka haufi upesi. Jua likizidi huacha majani yakauke, uhai wenyewe ukabaki kwenye mashina yanayotambaa juu na chini ya ardhi. Fukua kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha kwaruza shina kwa ukucha. Ukikuta ndani peupe au kijani, na pana unyevu, mmea uko hai. Ukikuta kahawia tupu, hapo ndipo pa kupanda upya. Jaribu sehemu kadhaa, maana mara nyingi palipokufa kweli ni padogo: kando ya kibaraza, njia ya kwenda bombani, na pale gari linapogeuzia.

Tazama hizo sehemu zinafanana nini. Ni palipokanyagwa na palipofagiliwa. Kwa maoni yangu udongo ulioshindiliwa huua ukoka kuliko jua lenyewe, kwa sababu mvua ikija maji yanateleza juu na mizizi haipati kitu.

Na hapo lazima niseme habari ya ufagio. Sisi watu wa pwani tumelelewa na uwanja unaofagiliwa alfajiri, na usafi huo naupenda. Lakini ufagio wa chelewa juu ya ukoka uliochoka hung'oa machipukizi na kuondoa mabua makavu yanayokinga udongo. Nyumbani nilimwomba mama, kwa adabu zote, upande wa ukoka usifagiliwe, majani ya mkungu tuyaokote kwa mkono. Alikubali kwa sharti kwamba upande wa mlangoni ubaki vilevile. Basi tumegawana uwanja, na pande zote mbili zinapendeza.

Mvua ikishalowesha ardhi, legeza udongo. Chomeka uma wa bustani kiasi cha sentimita 10, utikise, uchomoe, sogea shubiri moja, endelea. Usigeuze udongo. Asiye na uma atumie kipande cha nondo kilichochongwa ncha. Kazi ni ndefu, ila matokeo ni yaleyale. Halafu tandaza samadi iliyooza vizuri, iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga wa mtoni, unene usiozidi sentimita 1, uisukume kwa reki iingie kwenye matundu. Mchanga wa baharini uacheni kabisa, una chumvi.

Chumvi ni tatizo hasa kwa walio karibu na maji, kama Raskazone, na kwa waliomwagilia maji ya kisima kiangazi chote, kwani visima vingi vya pwani vina chumvichumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, usiongeze mbolea ya dukani. Ziache mvua kubwa ziuoshe kwanza.

Kwetu masika hushika kasi Aprili na Mei. Majani mapya yakifika urefu wa kidole, tia urea, kilo 1 kwa mita za mraba 100, lakini uigawe mara mbili, wiki tatu au nne zipite katikati. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo huunguza. Irushe majani yakiwa makavu na udongo ukiwa na unyevu, kisha mwagilia papo hapo. Wingu likiwa zito, ahirisha, la sivyo pesa yako itaishia mtaroni.

Ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi, nazo huamka na mvua hizohizo. Wengi huzivuta majani, au huzilima kwa jembe, na zote mbili ni kujiongezea kazi. Ndago ina viazi vidogo chini, vimeungana mnyororo. Ukiukata mnyororo, kila kiazi kilicholala kinachipua chenyewe. Subiri ardhi iwe laini, chimba kwa uma kutoka mbali kidogo na shina, utoe mnyororo mzima, uukaushe juani, usiutupe kwenye lundo la mboji. Chunguza pia udongo na samadi unayonunua, kwa sababu ndago nyingi huletwa na gari la udongo.

Palipokufa, chukua mashina kutoka upande wako mwenyewe uliostawi. Kata vipande vyenye pingili tatu au nne, panda shubiri moja moja, pingili mbili zizame ardhini na ncha ibaki nje, kisha kanyaga taratibu. Mvua ikikatika siku mbili, mwagilia. Chini ya mwembe mkubwa msihangaike, ukoka unataka jua. Wekeni changarawe au mimea ya kivulini.

Mkato wa kwanza uje pale ukoka mpya utakapokuwa umeshika ardhi, ukiuvuta hauji. Noa fyekeo au kisu cha mashine, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Ukiunyoa mpaka chini kwa hamu ya kuona uwanja umelala sawasawa, jua litafika kwenye udongo na ndago zitarudi kabla ya ukoka.