Kwa Nini Alicia Haombi Talaka?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijana wa duka la muvi aliniwekea kwenye flashi tamthilia ya Kihispania, Gran Hotel, na sasa silali. Alicia anampenda Julio, yule mhudumu aliyeingia hotelini kwa jina la uongo kumtafuta dada yake, Cristina, aliyepotea. Lakini mama yake Alicia, Doña Teresa, amemwoza kwa meneja, Diego, na Diego ni katili. Kwa nini asidai talaka akaondoka? Mume wangu anasema waandishi wanarefusha tu. Na hiyo hoteli ipo kweli?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto kwamba hapo waandishi hawajarefusha kitu. Hadithi inaanza mwaka 1905, na Hispania ya wakati huo haikuwa na talaka kama tuijuavyo. Sheria ya Kiraia ya 1889 iliruhusu kutengana tu: mnaacha kuishi pamoja, lakini ndoa iko palepale na hakuna wa kuoa wala kuolewa tena. Aliyefunga ndoa kanisani, shauri lake lilikwenda mahakama za Kanisa. Huru kabisa angekuwa pale tu Kanisa litakapotamka kuwa ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, au mume atakapokufa.

Sheria hiyohiyo ilimwamuru mke amtii mume. Mali ya ndoa aliisimamia mume, na mke hakuweza kusimama mahakamani bila ruhusa yake, isipokuwa katika kesi kati yake na mume huyo au akijitetea katika kesi ya jinai. Mume akizini, mke hakuwa na hoja mpaka izuke kashfa hadharani au yeye mwenyewe adhalilishwe. Mke akizini, basi, imetosha. Na Sheria ya Jinai ya 1870 ilisema mume akimfumania mkewe na kumuua papo hapo, adhabu yake ni kufukuzwa eneo lile kwa muda. Basi. Kwa hiyo Alicia na Julio wanapokutana kwa kujificha, usidhani wanaogopa maneno ya watu. Wanaogopa kufa.

Sasa mtazame Doña Teresa kwa jicho hilo. Anaamrisha hoteli nzima, wanaume wanamtetemekea, kwa sababu ni mjane. Mjane alisimamia mali yake mwenyewe. Yaani mama huyu ameonja uhuru ambao mwanawe hawezi kuupata maadamu Diego anapumua, na bado ndiye aliyemfunga. Adriana Ozores amemcheza vizuri mno, lakini mimi simsamehi Doña Teresa.

Talaka kamili ilikuja mwaka 1932, Hispania ilipokuwa jamhuri. Dikteta Franco akaifuta mwaka 1939, na haikurudi hadi 1981. Kituo cha televisheni cha Hispania, Antena 3, kilirusha tamthilia hii kati ya 2011 na 2013, kwa hiyo wapo akina mama wengi waliokaa sebuleni kuitazama ambao wao wenyewe waliolewa enzi ambayo mlango huo ulikuwa umefungwa.

Hoteli uliyoiona kwa nje ni Palacio de la Magdalena, kasri lililoko kwenye rasi ya mji wa Santander, kaskazini mwa Hispania. Mfalme Alfonso XIII na Malkia Victoria Eugenia walipumzika hapo majira ya joto kuanzia 1913 hadi 1930. Malkia huyo alikuwa mjukuu wa Victoria wa Uingereza, ndiyo maana paa na minara yake ina sura ya Kiingereza. Mwaka 1905 lilikuwa halijajengwa, na Cantaloa, mji wa kwenye hadithi, ni wa kutungwa, lakini bahari ile ni ya kweli.

Sura ya Diego kama umeiona mahali, ni Pedro Alonso, yule Berlin wa tamthilia ya La casa de papel (Money Heist).

Ukimaliza misimu yote mitatu, mwambie kijana wa flashi akutafutie toleo la Wamisri la 2016. Wameihamishia hadithi hii Aswan, kando ya Mto Nile, miaka ya 1950, na Amina Khalil ndiye aliyechukua nafasi ya Alicia.