Wasomaji Wauliza: Kanda za VHS na Kifaa cha USB

SWALI: Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nina sanduku la kanda za VHS zilizorekodiwa kati ya mwaka 1988 na 2001: arusi yangu, harambee ya kujenga maabara ya shule niliyofundisha, na mazishi ya marehemu baba. Mwanangu aliye Nairobi alinitumia kifaa kidogo cha USB chenye soketi tatu, ya manjano, nyeupe na nyekundu, akaniambia kwamba nikikichomeka kwenye kompyuta kazi imekwisha. Nimekichomeka, lakini ninachokiona ni skrini ya buluu tu. Siku moja picha ilitokea, ila haikuwa na rangi, ilikuwa ikipanda na kushuka, na sauti haikusikika hata kidogo. Deki yangu ni nzima, kwa maana inaonyesha vizuri kwenye televisheni. Nifanye nini?
Mwalimu mstaafu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, salamu zimefika. Kifaa alichokutumia mwanao kinafaa, ila maelezo aliyokupa ni mafupi mno. Kazi ya kifaa hicho ni moja tu, nayo ni kupokea mawimbi ya picha na sauti kutoka kwenye deki na kuyageuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Hakijui kanda yako ilirekodiwa kwa mfumo gani, wala hakichagui sauti itapitia wapi. Hayo yote ni juu yako kukiambia. Matatizo unayoyaeleza yana vyanzo mbalimbali, na la kwanza liko nyuma ya deki, wala si ndani ya kompyuta.

Igeuze deki uangalie mgongo wake. Kwa kawaida utaona soketi zilizoandikwa IN na nyingine zilizoandikwa OUT, na mara nyingi zimepangwa karibu karibu kiasi kwamba mtu anayechomeka kwa kupapasa huzichanganya. Waya wa kwenda kwenye kifaa cha USB lazima utoke OUT. Kwamba deki inaonyesha vizuri kwenye televisheni si ushahidi wa kutosha, kwa sababu deki nyingi za miaka ile ziliunganishwa na televisheni kupitia waya wa antena, na huenda soketi zako za manjano na nyeupe hazijawahi kuguswa tangu deki iliponunuliwa. Zipanguse kwanza, kwani vumbi na kutu huzuia mawimbi. Kisha itazame buluu yenyewe. Ikiwa ina maandishi, kwa mfano saa au neno PLAY unapobonyeza kitufe, basi inatoka kwenye deki, na maana yake ni kwamba waya umefika na ni kanda ambayo haijaanza kusomwa. Ikiwa ni buluu tupu isiyobadilika hata ukizima deki, hiyo ni ya programu au ya kifaa chenyewe, na mawimbi hayajafika.

Sasa rangi. Kenya, kama nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza, ilifuata mfumo wa PAL, ambao una mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Marekani na Japani zilifuata NTSC, yenye mistari 525 na fremu 30 kasoro kidogo. Programu nyingi zinazoambatana na vifaa hivi huanza zikiwa zimewekwa NTSC, na ukizilisha kanda ya PAL utapata hasa ulichokiona: picha isiyo na rangi, inayopanda na kushuka. Tafuta kwenye mipangilio ya programu sehemu ya mfumo wa video, uchague PAL, au PAL_B ikiwa zimeorodheshwa aina kadhaa. Hapo hapo hakikisha kwamba njia ya kuingizia picha ni Composite, yaani ule waya mmoja wa manjano. Ukiiacha kwenye S-Video ilhali hutumii waya wake, utapata giza au picha iliyofifia isiyo na rangi.

Kuhusu programu, mimi ningeiacha ile iliyokuja kwenye CD. Vifaa hivi hufanana sura ilhali ndani vina chipu tofauti, na CD iliyomo kwenye kijisanduku si lazima iwe ya kifaa ulichouziwa. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanya cha USB, uone kama Windows itakitambua yenyewe, vingi hutambulika. Kisha pakua OBS Studio, programu ya kurekodi video ambayo ni ya bure. Ndani yake, ongeza chanzo kinachoitwa Video Capture Device, ukichague kifaa chako, na uandike ukubwa wa picha wewe mwenyewe: 720x576. Turubai ya programu (Canvas, yaani eneo la picha inayorekodiwa) uiweke 768x576, kisha uivute picha ijae turubai hiyo, la sivyo wageni wa arusi yako wataonekana wamekonda kidogo kuliko walivyokuwa. Kasi iweke fremu 50 kwa sekunde. Halafu bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya chanzo hicho, tafuta Deinterlacing, uchague Yadif 2x. Hatua hii watu wengi huipuuza. Kila fremu ya kanda ya zamani imegawanywa mara mbili, mistari ya shufwa upande mmoja na ya witiri upande mwingine, na mikono ya wacheza ngoma inapokwenda kwa kasi kompyuta huonyesha kingo zilizochanika kama meno ya kitana. Mpangilio huo ndio unaoziondoa.

Sauti imekupotea kwa sababu mbili zinazowezekana, na pengine zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba Windows huichukulia sauti ya kifaa hiki kana kwamba ni maikrofoni, na Windows 10 na 11 zinaweza kuzuia programu zisiguse maikrofoni bila idhini. Fungua mipangilio ya faragha, ingia kwenye Microphone, uruhusu programu za kompyuta, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye Camera. Ya pili ni kwamba OBS haikusikilizishi inachorekodi isipokuwa uiagize. Kwa hiyo usitegemee masikio. Tazama vile vipimo vya kijani chini ya skrini. Vikipanda na kushuka wakati mhubiri anazungumza, sauti inaingia. Na ikiwa deki yako ina soketi moja tu ya sauti, kama zilivyokuwa deki nyingi za bei nafuu, chomeka kwenye nyeupe na uweke alama ya Mono kwenye mipangilio ya sauti, maana bila hiyo utasikia kwa sikio la kushoto pekee.

Kabla hujaanza kanda unazozithamini, jaribu na ile usiyoijali sana, pengine mchezo wa mpira uliorekodiwa kutoka kwenye televisheni. Rekodi dakika kumi, uitazame yote, na usikilize kama midomo na maneno vinakwenda pamoja. Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa ipeleke mbele hadi mwisho, kisha uirudishe nyuma, ili iachane na ilivyoshikana na ikaze sawasawa kwenye kijiti chake. Picha ikijaa michirizi na nukta nyeupe, jaribu kwanza kitufe cha Tracking. Isiposaidia, huenda vichwa vya kusomea vina uchafu. Kazi hiyo mpe fundi anayezijua deki. Ukitaka kuifanya mwenyewe, tumia kitambaa laini kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi ya isopropili, ukishikilie kwenye ngoma, yaani ile silinda inayozunguka yenye vichwa, bila kukisogeza juu wala chini, na uizungushe ngoma taratibu kwa kidole cha mkono mwingine. Usitumie kijiti cha pamba cha masikio, kwa maana nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kichwa kikivunjika hakitengenezeki.

Nasema hivyo kwa sababu kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Vipuri vya leo hutolewa kwenye deki zilizokufa. Ukipita Kibuye siku ya Jumapili unaweza kubahatika kuipata moja, lakini usiilipie kabla hujaiona ikicheza kanda, kuirudisha nyuma na kuitoa bila kuitafuna.

Jambo la umeme nalo uliwekee mpango. Kanda ya E-180 huchukua saa tatu kurekodiwa, kwa kuwa hakuna njia ya kuiharakisha, na saa tatu bila stima kupotea si jambo la kuahidiana. Rekodi kwa umbo la MKV, si MP4. Kompyuta ikizimika ghafla, faili ya MKV hubaki na kila kilichokwisha kurekodiwa, ilhali MP4 ambayo haikufungwa vizuri mara nyingi haifunguki tena. Ukishamaliza, OBS ina chaguo la Remux Recordings ambalo hugeuza MKV kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora, na hiyo ndiyo utakayowatumia jamaa. Ukirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kutosha kabisa kwa VHS, kila saa itachukua takriban gigabaiti 3.6. Flashi au diski ya nje iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ipange upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kufanya hivyo hufuta kila kilichomo.

SWALI: Kaka yangu alisoma Marekani miaka ya tisini, na alipofariki tuliletewa kanda zake pamoja na deki yake. Je, kifaa cha USB kitazisoma? Naogopa hata kuiwasha hiyo deki.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole kwa msiba, na woga wako umeziokoa mali za marehemu. Usiichomeke deki hiyo ukutani. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120 na wetu ni 240, na deki iliyotengenezwa kwa soko la kule, isipokuwa nyuma yake imeandikwa kwamba inakubali volti 100 hadi 240, itaungua mara moja. Nunua transfoma ya kushusha volti inayozidi kidogo idadi ya wati zilizoandikwa kwenye deki, na uzidishe uangalifu usiichomeke kinyume.

Ukishapata umeme sahihi, una bahati kuliko Wakenya wengi wenye kanda kama hizo, kwa kuwa deki ya NTSC ndiyo njia safi zaidi ya kusoma kanda za NTSC. Kwenye programu uchague NTSC_M, ukubwa wa picha 720x480, turubai 640x480 na kasi ya 59.94, mengine yote ni kama nilivyomweleza Mwalimu wa Kisumu. Huenda mtu akakuazima deki ya hapa yenye maandishi NTSC PLAYBACK ON PAL TV na kukuambia inatosha. Kwa kutazama kwenye televisheni inatosha kweli, lakini mawimbi yanayotoka kwenye deki hizo ni mchanganyiko, rangi za PAL juu ya mwendo wa NTSC, na vifaa vingi vya USB huvikanganya. Ikiwa programu yako ina chaguo la PAL_60, lijaribu. Ikiwa haina, rudi kwenye deki ya kaka yako.

SWALI: Nina kanda ndogo ndogo za kamera, nyingine ni za MiniDV, nyingine zimeandikwa Hi8, na mbili ni za VHS-C. Nizipitishe zote kwenye kifaa hicho?
Mpiga picha, Bungoma

JIBU: Za Hi8 ndiyo, ukichezea kwenye kamera yake na kutumia S-Video kama kamera na kifaa vyote vina soketi hiyo, kwa maana picha hutoka safi zaidi. Za VHS-C zinahitaji kile kibebeo cha ukubwa wa kanda ya kawaida ambacho huingizwa kwenye deki. Vingi hutumia betri moja ndogo ya AA, na betri ikiwa imekufa watu hudhani kibebeo kimeharibika. Za MiniDV usizipitishe huko. Zile tayari ni za kidijitali, na ukizitoa kwa waya wa manjano utazishusha kuwa analogi kisha uzigeuze tena, na utapoteza ubora bila sababu. Zinahitaji kamera yenye soketi ya FireWire na kompyuta yenye soketi hiyo hiyo. Soketi ya USB iliyo kwenye kamera nyingi za MiniDV iliwekwa kwa ajili ya picha za mnato, na video inayopita humo, kama inapita kabisa, huwa dhaifu.

SWALI: Nimefungua kanda ya arusi ya wazazi wangu na kuona unga mweupe kandokando ya utepe, kupitia kidirisha cha juu. Naweza kuupangusa na kuendelea?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana, na tafadhali usiiingize kwenye deki hata kwa dakika moja ya kujaribu. Unga huo ni kuvu, na kwa mvua na unyevu wa Kakamega si jambo la ajabu. Deki ikizungusha utepe wenye kuvu, vichwa huzibika, utepe unaweza kunata na kukatika, na chembe zitakazobaki ndani zitaambukiza kila kanda itakayofuata. Itenge na nyingine leo. Itie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vijifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, uiache ikae kavu, usiianike juani wala kuiweka karibu na jiko. Kuvu iliyokauka hupanguswa nje ya nyumba, kwa barakoa, na fundi aliye na deki ambayo haogopi kuichafua, akiuzungusha utepe polepole juu ya kitambaa kikavu hadi uishe wote. Mweleze mapema kwamba kanda ina kuvu ili asiitie kwenye deki ya mteja mwingine, na ukubaliane naye kwamba ikishasafishwa irekodiwe papo hapo inapochezwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa huenda isivumilie ya pili.