Re: Glock ni imara kweli au ni jina tu?
Mkuu, umeuliza kama bastola ya Glock inastahili sifa zake au watu wanashabikia jina tu. Kwa uimara, inastahili. Jeshi la Austria liliichagua tangu 1982, na kinachoibeba ni urahisi wa muundo: vipuri vichache, fremu ya plastiki isiyoshika kutu. (Wanaoiita toy wanasahau kuwa slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) na mtutu ni chuma.) Kasoro zipo, 2011 kampuni yenyewe ilibadilisha bure springi za Gen4 (toleo la nne). Mimi kinachonikera ni kwamba za kawaida hazina swichi ya usalama pembeni. Ukivuta triga, imelia. Kama yako inakwamakwama, kagua kwanza magazini (kibebea risasi) na aina ya risasi unazonunua.