Masta ya afya ya umma: nisomee wapi?

SWALI: Shangazi, mimi ni nesi hapa Kondele, Kisumu, nafanya shifti. Nataka kusoma masta ya afya ya umma lakini sijui niende Maseno hapa karibu ama Nairobi kwenye jina kubwa. Nishauri tafadhali.

JIBU: Mwanangu, jina la chuo wacha kwanza, jiulize ukimaliza unataka kufanya kazi gani. Kama ni kufuatilia magonjwa na data tafuta epidemiolojia na bayostatistiki, kama ni kusimamia vituo vya kaunti basi usimamizi wa mifumo ya afya, hizo ni njia mbili tofauti na wengine hugundua wakiwa wameshalipa karo. Mimi ningekaa huku huku, malaria ya ziwa iko mlangoni kwako na KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, wako hapo Kisian, barabara ya Busia. Lakini kabla ulipe chochote piga simu idarani uulize nani atakusimamia na ana wanafunzi wangapi tayari, maana masomo ya darasani huisha tu, ni tasnifu ndio hukwamisha watu miaka. Shifti nazo, ongea na matroni mapema, likizo ya masomo uombe kwa maandishi.