Baiolojia chuo cha jamii, kisha UC Davis: wahi kemia

Dada, umeuliza kama ukisoma baiolojia kwenye chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) hapo Sacramento utaweza kuhamia UC Davis (Chuo Kikuu cha California, Davis) bila kupoteza masomo. Inawezekana kabisa, na ada utakayolipa ni ndogo sana kuliko kuanzia chuo kikuu moja kwa moja.

Ila kuwa makini unapojiandikisha. Vyuo hivi vina baiolojia za aina mbili: ya wanafunzi wa fani nyingine, na ya wanaochukua sayansi kama fani yao. Ukiingia ile ya kwanza, haitakufikisha unakotaka. Fungua tovuti ya ASSIST, weka jina la chuo chako na la Davis, uone somo kwa somo kinachokubalika. Uchapishe ukurasa huo uende nao kwa mshauri.

Kinachowachelewesha wengi si baiolojia, ni kemia. Kemia ya jumla ni mihula miwili, na bila hiyo huruhusiwi kuingia kemia ya kaboni (organic chemistry), ambayo nayo ni mihula miwili. Zinafuatana, huwezi kuzisoma pamoja. Ukiiahirisha hadi mwaka wa pili, miaka miwili inakuwa mitatu hivi hivi. Tafadhali anza nayo mapema, na ujiandikishe siku ile ile zamu yako inapofunguliwa, maana nafasi za maabara hujaa haraka.

Davis pia wana mpango wa TAG (Transfer Admission Guarantee), unaomhakikishia nafasi anayetimiza masharti. Maombi yake ni tarehe 1 hadi 30 Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia.