Maswali kwa fundi: boriti huoza pale usipopaona

Masika yakiisha, simu yangu haipumziki. Wiki hii nimechukua maswali matano, yote ya mbao.

Shikamoo fundi. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, ina boriti za mkoko. Chumba cha juu kinanuka uyoga tangu mvua ziishe, lakini sakafu haina hata ufa. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia chumba cha chini. Sakafu za nyumba zetu za kale ni boriti zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa. Zege hilo hujishikilia lenyewe, kwa hiyo laweza kukaa kimya muda mrefu huku boriti zilizo chini yake zimekwisha. Inua uso, uangalie kila boriti pale inapoingia ukutani. Katikati ya chumba mti unapata hewa. Kichwa chake kimezikwa ndani ya ukuta mnene wa mawe na chokaa, na ukuta huo ukishakunywa maji hauyaachii upesi. Kuvu huanza hapo, mahali jicho halifiki.

Ukiona duara la rangi ya chai kwenye chokaa kuzunguka boriti, au rangi imevimba na kuacha unga mweupe wa chumvi, weka alama ya chaki. Kisha panda juu utafute maji yanatoka wapi: mlizamu uliovunjika, bati lililoachana na ukuta, au bafu jipya lililowekwa juu ya boriti za miaka mingi. Mimi hulishuku bafu kwanza. Na kama ukuta wa nje umepigwa lipu ya saruji badala ya chokaa, bandua kipande: saruji huyafungia maji ndani, chokaa huyaacha yatoke.

Fundi wangu hapa Mombasa amezigonga boriti zote kwa nyundo, anasema zinalia vizuri. Nimwamini?

Mwamini nusu. Boriti nzima hulia kwa ukali, iliyooza hujibu kama umegonga gunia. Lakini nyundo husikia pale inapogonga tu. Mimi mwenyewe niliwahi kupitisha boriti moja kwa nyundo peke yake. Vuli ilipofika, kabati la mteja lilikuwa limeinamia ukuta kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Tulipobandua lipu, kichwa cha boriti tulikichota kwa kijiko. Gharama ilikuwa yangu, na haki yake.

Siku hizi nachukua bisibisi nyembamba, nachoma pale mti unapokutana na ukuta, nikiielekeza ndani. Mti mzima hukataa, na ukiubanja hutoa kibanzi kirefu. Uliooza hukatika vipande vifupi kama biskuti. Nikibaki na shaka, natoboa kwa drili ya milimita 5, kwa mshazari kuelekea kichwani, natazama kinachotoka. Nyuzi kavu zinazong'ang'ania ni habari njema. Drili ikizama ghafla na kutoa unga wa kahawia wenye unyevu, usiguse lipu kabla hujasimamisha nguzo za muda chini ya boriti hiyo na jirani zake. Sakafu za zege la chokaa ni nzito kuliko watu wanavyodhani.

Niko Leicester, Uingereza. Mkaguzi wa nyumba amesema tuna uozo mkavu. Kwetu Pemba sijausikia. Ni kitu gani?

Hukuusikia kwa sababu kuvu yenyewe, Serpula lacrymans, hupenda ubaridi wa nyuzi joto 20 hivi, na joto la Pemba hailiwezi. Jina hilo la pili maana yake ni "yenye kutoa machozi", kwa vile hutokwa na vitone vya maji. Ukavu wake ni wa jina tu: bila mbao yenye unyevu wa asilimia 20 na zaidi haianzi. Balaa lake ni kwamba nyuzi zake hupenya kwenye lipu na viungo vya matofali kutafuta mbao nyingine, wakati kuvu za kwetu kwa kawaida hubaki pale penye maji.

Dalili zake: vumbi la rangi ya kutu lisilokwisha hata ukifuta kila siku, utando mweupe kama pamba, na mbao inayopasuka vipande vya mraba. Kisha toka nje uangalie matofali yenye matundu ya hewa chini ya sakafu. Mara nyingi utakuta udongo wa bustani umeyaziba. Atakayetaka kukuuzia dawa ya nyumba nzima kabla ya kukuonyesha maji yanakotoka, mshukuru na umfungulie mlango.

Kenchi zangu hapa Mbagala ni mbao za Mafinga zilizotiwa dawa. Nilale?

Lala, ila ujue dawa mara nyingi haifiki kwenye kiini, na fundi akikata ncha amefungua sehemu isiyo na dawa. Ncha zote zipakwe upya. Mara moja kwa mwaka panda darini saa sita mchana, zima tochi. Kila kitundu cha msumari kinachopitisha jua hupitisha mvua pia. Gusa mbao iliyo chini yake.

Nimeona mashine ya kupimia unyevu wa mbao, ile ya meno mawili. Inafaa huku Lamu?

Inafaa, ila usiiamini namba moja peke yake. Kwa hewa yetu ya pwani, mbao iliyo salama husoma kama asilimia 14 hadi 17, na chumvi hupandisha namba hata pasipo na maji mengi. Pima boriti ile ile katikati na kichwani, andika namba zote mbili kwa penseli ukutani pamoja na tarehe, rudia baada ya mwezi. Ukipata 16 katikati na 28 kichwani, usinipigie mimi kwanza. Mpigie fundi bomba.